Gari Ambalo Mama Pampu Alimuuzia Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Aliye na sufuria motoni apunguze moto, na aliye njiani apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewahi kunigombeza mimi, hapa hapa studio.

Siku hiyo nilikuwa nimesoma tangazo la magari. Tangazo lilisema: magari yaliyotumika, lakini kama mapya. Hazikupita dakika mbili, simu ikalia. Sauti ya mama, nzito, haina papara. Akasema, "Mtangazaji, nisikilize. Hakuna gari lililotumika likawa kama jipya. Kuna lililotunzwa, na kuna lililopakwa rangi. Waambie watu hivyo." Akakata. Hata kwaheri hakuniachia.

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Pampu.

Mama Pampu ametutoka. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, hospitalini, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamzungumzia Mama Pampu, fundi wa visima, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita.

Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Jina la Mama Pampu alipewa na wateja, kwa sababu alitengeneza pampu za visima. Zile za mkono, unazozipigia mpini mpaka maji yakubali kupanda. Kisima kikikauka ghafla na watu wakabaki na ndoo tupu, aliitwa yeye. Alikuja na spana zake, na mabomba juu ya gari. Na gari lenyewe, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililonileta kwenye habari hii.

Lilikuwa gari dogo. Fupi, la milango mitatu, limekaa kimraba kama kasha la viatu. Lakini magurudumu yote manne yalivuta. Lilipanda kilima chenye utelezi ambacho malori yalikitazama kwa mbali na kugeuza. Kwa hiyo akaliita Mbuzi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake. Anayeishi pale sasa ni mdogo wake peke yake. Ni mshonaji. Cherehani iko dirishani, nguo za watu zimetundikwa ukutani, na chini ya meza ya kukatia vitambaa kuna sanduku la chuma la spana, zito, halisogei. Wamekaa pamoja, hawa ndugu wawili, miaka ishirini na tano. Mmoja na uzi, mwingine na grisi.

Nikamwomba anisimulie siku ile dada yake alipomnunua Mbuzi. Akacheka, kisha akafuta macho.

"Siku ile nilitamani ardhi ipasuke," aliniambia. "Alinichukua nimsindikize kwenye uwanja wa kuuzia magari. Tulifika mapema mno, muuzaji ndiyo kwanza anafungua geti. Dada anashika boneti za magari kwa kiganja, moja baada ya jingine, kama mama anayepima watoto homa. Akafika kwenye gari moja zuri, jekundu, linang'aa. Akashika boneti, akasema, twende. Nikamwuliza, mbona zuri? Akasema, hili limeshaamshwa. Gari linalowashwa kabla mnunuzi hajafika lina jambo linafichwa. Linawaka kwa shida likiwa la baridi, na hawataki uone."

Ikawa hivyo kwa yote yaliyong'aa. Mwisho kabisa wa uwanja, karibu na choo, kulikuwa na kigari kimepauka rangi, kioo kimoja kina ufa. Boneti ya baridi. Mama Pampu akaomba gunia. Akalitandika chini, akalala chali, akaingia uvunguni.

"Miguu tu ndiyo inaonekana," alisema mdogo wake. "Miguu na viatu vya kanisani. Muuzaji anamwambia, mama, utachafuka! Na yeye kule chini anajibu, bora nichafuke leo kuliko nilie kesho."

Alikuwa na kinyundo kidogo. Alikipitisha kwenye fremu ya gari, ule mfupa wa chuma unaobeba kila kitu, akigonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinakohoa. Ni maneno yake hayo. Alipotoka, nywele zimejaa vumbi, akasema, "Hili halina sura, lakini lina mifupa." Akalinunua.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikaa na Mbuzi miaka kumi na mitano.

Na alimtunza. Nimezungumza na fundi wake wa magari, bwana mmoja anayejulikana kwa jina la Spana, ana gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Spana anasema hajawahi kuona mteja wa namna ile. "Mama yule alikuwa hasubiri gari liharibike. Oili inabadilishwa kabla haijawa nyeusi. Akitoka kisimani, kabla hajanawa mikono yake, anaosha gari kwa chini. Kwa chini, siyo kwa juu! Juu wacha lichafuke, alikuwa anasema, juu ni uso tu. Na kila baada ya miezi sita anaingia uvunguni na kile kinyundo chake, na waya wa kuzibua vitundu vya kutolea maji kwenye fremu. Kazi ambayo mimi fundi naisahau, yeye haisahau."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo la vitundu. Fremu ya gari la aina ile iko wazi ndani, kama bomba. Maji yakiingia, yanatokea kwenye vitundu. Vitundu vikizibwa na tope, maji yanakaa. Yakikaa, kutu inaanza. Na inaanzia ndani, ambako hakuna anayeona.

Mama Pampu alikuwa na miaka hamsini na mitano pale mambo yalipoanza kwenda kombo. Alimpelekea Spana gari, amekasirika. Akalalamika kwamba watu wanamkwaruzia gari kila anapoliegesha. Watu hawana adabu, akasema. Spana akalizunguka gari mara mbili.

"Nilikuwa najua namna ya kumwambia mtu injini imekufa," Spana aliniambia. "Hili sikujua. Mwishowe nikasema, dada, mikwaruzo yote iko upande wa kushoto. Yote. Hakuna hata mmoja kulia. Hawa watu wasio na adabu, mbona wanachagua upande?"

Mama Pampu alisimama pale akiwa ameshika ufunguo. Akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Basi ni mimi."

Daktari wa macho akampima. Presha ya macho. Ugonjwa huu, wasikilizaji wapendwa, hauumi. Hauwashi. Unakula pembeni taratibu, ukielekea katikati, wewe unaendelea kuona mbele, unadhani uko salama. Daktari akamweleza bila kuzunguka: kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki tutajaribu kukilinda. Akampa dawa ya matone. Akamkataza kuinama sana, kubeba vizito, na kulala kichwa kikiwa chini, ili presha isipande.

Kwa hiyo Mama Pampu hakuingia tena uvunguni. Kazi ile akamwachia Spana. Na Spana, kwa mapenzi, akafanya kitu. Aliniambia mwenyewe, na alitaka nikiseme hewani. Alinunua rangi nyeusi nzito, ile ya kupaka chini ya magari, nene kama lami. Akampaka Mbuzi chini kote, fremu nzima, mara mbili.

"Ilipendeza," alisema. "Nikamwambia, dada, chini kumekuwa kupya. Akafurahi. Nilidhani nalinda. Kumbe nafunika. Na vile vitundu, rangi ikaviziba."

Alisema hivyo, akaokota kitambaa cha grisi, akawa anakikunja na kukikunjua.

Mama Pampu aliendelea kuendesha miaka miwili zaidi. Mchana tu, taratibu tu, barabara alizozijua. Najua kuna mtu huko anatikisa kichwa. Hata mimi nilitikisa. Lakini visima vilikuwa vinamwita, na mtu hakubali haraka kwamba sasa basi.

Siku ya kusema basi ilikuja, saa nne asubuhi. Mdogo wake alikuwa getini, amemfungulia. Amesimama upande wa kushoto.

"Alinigeukia," alisema mdogo wake. "Alinitazama usoni kabisa. Nikatabasamu. Halafu gari likaja. Likaja kwangu! Nilijibana ukutani, kioo cha pembeni kikanigonga mkono huu hapa. Nikapiga kelele. Akafunga breki, akashuka anauliza, nani? Nani huyo? Mimi, Dada! Alinitazama usoni na hakuniona."

Mama Pampu hakurudi tena kwenye usukani. Siku hiyo hiyo alimkabidhi mdogo wake ufunguo, akasema, "Uza. Mimi nikishika simu nitakataa."

Lakini wapi! Wanunuzi walipoanza kuja, aliketi barazani na kuwahoji mwenyewe. Mdogo wake aliwaita wachumba. "Tulipokea posa za Mbuzi wiki tatu," aliniambia. Wa kwanza alikuja, hakufungua hata boneti, akauliza muziki unapiga vipi. Mama Pampu akamwambia, kanunue redio. Wa pili alilipiga tairi teke. Mama Pampu akamwuliza, tairi limekujibu nini? Wa tatu alitaka gari la kubebea matofali. Huyo hakupewa hata maji ya kunywa.

Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwembamba, mpole, na shati lina chaki begani. Alilizunguka gari mara moja, akaja barazani, akasema, "Mama, mimi magari siyajui. Niambie nisichokijua."

Mwalimu alifundisha shule iliyo juu ya kilima. Barabara ya kule mvua ikinyesha inakuwa uji. Mkewe naye alifundisha hapo hapo, darasa la wadogo kabisa. Na mkewe ana nyonga mbovu, tangu utotoni. Kupanda kile kilima kwa miguu hawezi. Walikuwa wakilipia watu wawabebe, siku nyingine wanapata, siku nyingine hawapati. Walihitaji gari dogo linalopanda. Hawakuhitaji kingine.

Mama Pampu alimfundisha mwalimu siku mbili nzima. Fundi akawa mwalimu, mwalimu akawa mwanafunzi. Mkono huu mdogo wa gia ndio unaoamrisha magurudumu yote manne. Kwenye tope, sawa. Kwenye lami kavu, usithubutu, utavunja meno ya gia. Kushuka kilima usikae juu ya breki, tia gia ya chini, liache lijishike lenyewe. Mwalimu akauliza, "Na chini kukoje?" Mama Pampu akajibu, "Chini ni kwema. Kumepakwa rangi mara mbili."

Akamuuzia. Na fedha, kama alivyopenda kutania mwenyewe, ziliingia machoni na hazikutoka. Maana yake alifanyiwa upasuaji, na upasuaji haukusaidia.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Mwaka uliofuata macho yakawa yamebakiza mwanga na kivuli tu.

Mwalimu alikaa mitaa mitatu tu kutoka pale. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mbuzi alipita mbele ya nyumba akielekea shuleni. Na kila asubuhi Mama Pampu alikuwa dirishani, anasikiliza. Mdogo wake anasema alikuwa akimsomea habari za gari kama anasoma gazeti. Leo mkanda unalia. Leo ameongeza upepo kwenye matairi. Leo wamegombana, ameingiza gia kwa hasira.

Siku moja akasikia matairi yanakwaruza pale kwenye kona. Akamshika mdogo wake mkono, wakatembea mpaka kwa mwalimu. "Mwanangu, umesahau magurudumu manne kwenye lami." Mwalimu akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaomba radhi. Akaacha. Alikuwa msikivu, yule. Kosa halikuwa lake. Nataka hilo lieleweke.

Miezi michache baadaye Mama Pampu akasikia kitu kingine. Tak, tak, tak, kila gari likikata kona. Akajua ule mpira unaofunika kiungo cha ekseli umechanika, grisi inatoka. Akamwita mwalimu. Mwalimu akasema, "Nimesikia, Mama, lakini mpaka mwisho wa mwezi." Mama Pampu akasema, "Mpira ninao kwenye sanduku. Lete gari. Nitafunga mimi."

Mdogo wake akaja juu. "Dada! Daktari kasema usiiname!"

Akajibu, "Daktari alinikataza nisije nikapoteza macho. Sasa yamebaki yapi?"

Ilikuwa Jumamosi, mchana, uani. Mwalimu alinisimulia haya mwenyewe. Waliinua gari kwa jeki, wakalikalisha kwenye magogo. Mama Pampu akalala chali kwenye gunia, akaingia. Mwalimu alikuwa anampa spana, naye anazitambua kwa kushika. Kumi na saba. Siyo hii, hii ni kumi na tisa. Alifunga ule mpira bila kuona, nusu saa tu. Mwalimu anasema hajawahi kuona mikono inayojua vile. Walikuwa wanataniana. Mwalimu alimwuliza saba mara nane, yeye akajibu, "Hiyo spana sina."

Kazi ikaisha. Lakini Mama Pampu hakutoka. Alikuwa na hamu, nadhani. Miaka minne hajawa kule chini. Akaanza kupapasa fremu, kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu anayempapasa ndugu aliyerudi safari. Akafika nyuma, pale springi zinaposhikiliwa. Mkono ukasimama.

"Nikamwita, Mama?" alisema mwalimu. "Nikainama kutazama. Alikuwa amekandamiza kidole kwenye ile rangi nyeusi. Kidole kikazama. Kikaingia mpaka hapa, fundo la pili. Kwenye chuma! Akakitoa, akasogeza mkono upande wa pili, akakandamiza tena. Kikazama tena. Maji ya kahawia yakamtiririkia kifuani."

Wasikilizaji wapendwa, fremu ilikuwa imeoza. Ile rangi ndiyo iliyokuwa imeshikilia sura. Ndani hakukuwa na kitu. Na gari lile kila asubuhi lilipanda kilima na kushuka, mwalimu na mkewe wakiwa ndani.

Mama Pampu alitoka uvunguni taratibu. Akakaa chini, mgongo umeegemea gurudumu. Mwalimu akamwuliza, "Kuna nini?"

Hapa, wasikilizaji, angeweza kusema neno lolote. Mwalimu magari hayajui. Angeweza kusema kutu imeanza, mpelekee Spana. Angeweza kusema barabara ya kilima imeliua.

Alisema, "Gari hili usiliendeshe tena. Hata kwenda nyumbani usiliendeshe."

"Limeharibika?"

"Limekufa. Na limekufa kabla sijakuuzia. Sikuliona. Nilikwambia chini ni kwema, na sikuwa nimepaona."

Mwalimu alichukua koti lake. Akatembea kwenda nyumbani, akaliacha gari juu ya magogo.

Baada ya hapo walijaribu. Msidhani hawakujaribu. Spana alileta mchomeleaji, bingwa kabisa. Bingwa akagonga hapa, akagonga pale, kila akigonga kinadondoka kipande. Akasema, "Moto wangu unahitaji chuma cha kushika. Hapa nitachomelea nini, kutu kwa kutu?" Akakusanya vifaa vyake.

Mama Pampu akaanza kupiga simu kutafuta fremu nyingine. Aliwapigia mafundi wote aliowahi kukutana nao. Baada ya wiki sita fremu ikapatikana, ikaja kwenye lori. Spana akaipima kwa kamba. Imepinda. Ilitoka kwenye gari lililopata ajali. Baada ya miezi mitatu ikapatikana nyingine, nzima, nzuri, haina hata doa. Walipoishusha wakagundua ni ya gari refu, lile la milango mitano. "Ni kama kumvisha mtoto koti la babake," Spana aliniambia. Wakaipakia tena. Mama Pampu alikuwa amesimama pale uani, ameshika ncha ya ile fremu nzuri. Walilazimika kumwomba aiachie.

Alitaka kuuza sanduku lake la spana amrudishie mwalimu angalau kidogo. Mwalimu akakataa, akatuma ujumbe: asiuze.

Na huko kwa mwalimu? Fedha zote zilikuwa zimeishia kwenye gari, za kulipia watu wawabebe hazikuwepo. Mwalimu akarudi kupanda kilima kwa miguu, saa nzima na robo. Mkewe alijaribu wiki mbili kwa fimbo. Wiki ya tatu alianguka. Akaacha kazi. Darasa la wadogo likapewa mwingine. Yule mama alikuwa amefundisha watoto kusoma kwa miaka kumi na sita, sasa anakaa nyumbani.

Mama Pampu alizijua habari hizo. Mtaa hauna siri. Mdogo wake anasema kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mama Pampu aliendelea kuamka na kukaa dirishani. "Nilimwambia, Dada, lala, hakuna gari linalopita. Akasema najua. Lakini anakaa."

Mwaka huu, mwezi uliopita, akashikwa na kikohozi. Kikashuka kifuani. Akalazwa siku tisa. Jumapili alasiri, siku mbili kabla ya mwisho, mdogo wake alikuwa kando ya kitanda, anamlisha uji kwa kijiko. Mama Pampu akasukuma kijiko. Akauliza, "Mwalimu ameshapata gari?"

Mdogo wake alipofika hapa, alisimamisha cherehani. Alikuwa ameshona muda wote tunaongea. Nitawapa maneno yake kama alivyoyasema.

"Nikasema ndiyo. Sijui nini kilinituma. Nikasema ndiyo, Dada, amepata, dogo, linapanda. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa zamani. Akauliza, nani alilikagua? Nikasema Spana. Akauliza, alizibua vitundu? Nikasema alizibua vyote. Akauliza, fremu aligonga? Nikasema aligonga, ikalia vizuri. Akauliza, ni la mwaka gani? Mimi kitambaa nakijua, magari siyajui. Nikasema, la mwaka huu. Uso ukarudi ulivyokuwa. Nikajua nimekosea. Mwalimu yupi ana gari la mwaka huu? Akanyoosha mkono, akanitafuta, akanishika hapa kwenye kiwiko. Akasema, mdogo wangu, uongo hukufundishwa, usianze leo. Kisha akasema, asante. Akageukia ukutani."

Akaniuliza, "Nilifanya vibaya?"

Nimetangaza kipindi hiki miaka kumi na moja. Nimeulizwa mengi. Sikuweza kumjibu. Na leo, mbele yenu, bado siwezi.

Mwalimu alikuja kwenye mazishi na mkewe. Walisimama nyuma. Nilimfuata nikamwuliza kama ana neno la redioni. Akafikiri sana. Akasema, "Siku ile nilimkasirikia. Siyo kwa gari bovu. Nilimkasirikia kwa kuniambia ukweli, kwa sababu ukweli ulitutoa barabarani. Angenyamaza, pengine tungekuwa chini ya kile kilima, mimi na mke wangu, tumekufa. Hilo nilianza kulielewa baada ya miezi. Nikasema nitakwenda kumwambia. Nikasema Jumamosi hii. Nikasema Jumamosi ijayo." Mkewe akamshika mkono.

Wasikilizaji wapendwa, sina mwisho mzuri wa kuwapa. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya, na hakuna aliyeweza kurekebisha. Mama Pampu alitengeneza visima vya watu wengi. Gari lake moja lilimshinda.

Kwa mdogo wake, mshonaji, uliyebaki na nyumba yenye cherehani moja na sanduku la spana: pole sana, pole kutoka kwetu sote hapa studio. Kwa Spana: umeomba niseme, nimesema, sasa nakuomba na wewe ujihurumie. Kwa mwalimu na mama mwalimu: poleni. Kwa ninyi mliokunywa maji ya pampu alizozitengeneza: tunajua mko wengi, na mmefiwa.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda kuna mtu alikukosea, halafu akaja mwenyewe kukwambia. Huenda kuna mtu ulimkosea, na gharama yake huiwezi. Kaeni na hilo dakika moja. Kawaida tungeweka wimbo hapa. Nimemwomba fundi mitambo wetu asiweke. Redio yako haijaharibika, usiiguse. Tunanyamaza tu.